Maskati na Bombay, Kwenda na Kurudi kwa Siku Moja

Katika ukumbi wa nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanya kazi kule Golden Valley, Marekani, palikuwa na tufe la dunia, kubwa kama tikiti maji, limewekwa juu ya meza karibu na dirisha. Wazee hawakuligusa. Mimi nililipangusa vumbi kila nilipopita, na majira yale, theluji ikiwa imebaki vilima vyeusi pembeni mwa maegesho ya magari, nilianza kulitumia. Nilivuta uzi kutoka Minneapolis hadi Bombay. Ukazunguka karibu nusu ya tufe. Kisha nikauvuta kutoka Maskati hadi Bombay. Haukufika hata urefu wa kidole gumba changu.

Ndugu yangu wa mwisho alikuwa amelazwa Bombay, peke yake. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi, alikuwa Maskati. Mimi mkubwa wao nilikuwa Minnesota, na wakili aliyeshughulikia makaratasi yangu alikuwa ameniambia wazi kwamba nikitoka kabla hayajakamilika, sitaruhusiwa kurudi. Na kazi yangu ndiyo iliyokuwa ikimtibu yule mgonjwa. Kwa hiyo nilikaa pale nimeshika uzi, nikimtazama mdogo wangu wa Maskati, aliye umbali wa kidole tu kutoka kwa mgonjwa.

Tulikuwa watatu tu. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Mama alifia wodini, Mombasa, usiku mmoja ambao muuguzi alinitoa nje kwa sababu saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imepita. Niliporudi asubuhi na uji, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine. Shule sikurudi tena. Nilipika mahamri na mbaazi za kuuza, nikafua nguo za watu, nikawasomesha wale wawili. Na nikajiapia kwamba katika sisi watatu hakuna tena atakayeachwa peke yake mahali kama pale. Watu wengine wana nadhiri za kufunga au za kuchinja. Yangu ilikuwa hiyo.

Mdogo wetu alikuwa na tatizo la moyo tangu utoto. Vali moja haikufunga sawasawa, na alipoingia chuo cha ualimu alianza kushindwa kupanda ngazi. Jamaa walichanga, nami nikatuma, na mjomba akampeleka India kama watu wa kwetu wanavyopelekwa. Lakini alipofika alishikwa na nimonia, madaktari wakasema hawamgusi mpaka kifua kisafike. Likizo ya mjomba ikaisha, akarudi Mombasa. Kifua kilipotulia, siku ya upasuaji ikapangwa, na hospitali ikataka ndugu wa damu awepo kutia sahihi na kushinda pale. Katika hospitali ile ndugu wa mgonjwa ndiye mtumishi wake: anatumwa dawa dukani ghorofa ya chini, anatumwa kufuata chupa za damu, anaitwa kuambiwa kila linalotokea.

Nilimpigia mdogo wangu wa Maskati asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, nimeketi kwenye zulia la chumba changu huko Burnsville na kadi ya simu mkononi.

"Dada, mimi niko eda," aliniambia kabla sijamaliza.

"Najua."

"Unajua, na bado unauliza."

Mumewe alikuwa amefariki ghafla miezi miwili nyuma, kijana mpole wa Kimanga, Mwarabu wa Oman ambaye wazazi wake walizaliwa Unguja, na nyumbani kwao walizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mdogo wangu alimpenda. Nilifahamu hilo kwa namna alivyokuwa akicheka kwenye simu mumewe alipokuwa hai, na kwa namna alivyonyamaza sasa. Eda yake hakuikaa kwa kuogopa watu. Alisema ndicho kitu cha mwisho alichoweza kumfanyia, na alitaka akifanye sawasawa, miezi minne na siku kumi, bila kupunguza hata usiku mmoja.

"Simwambii mtu avunje eda," nilisema. "Nakwambia tu kwamba atapasuliwa na hakuna mtu."

"Na mimi nakwambia nimesikia."

Ikafuata kelele ya simu kubadilishana mikono, kisha nikasikia sauti ya mavyaa wake, mama wa marehemu. Mwanamke yule alikuwa hanijui ila kwa simu, na siku zote alizungumza nami kwa sauti ya juu, kana kwamba Marekani iko ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, mgonjwa huyu ni nduguye tumbo moja?"

"Tumbo moja, mama."

"Basi mwenye haja ana ruhusa ya kutoka mchana. Nimemuuliza sheikh wetu. Mchana atoke, lakini usiku alale nyumba aliyofia mumewe. Hilo silo langu wala lako. Sasa niambie, Bombay ni pa kwenda asubuhi ukarudi jioni?"

"Kwa ndege, mama."

"Mimi nilikwenda kwa meli na baba yangu, nikatapika mpaka nikasahau jina langu. Tulipofika nilikuwa mtu mwingine."

"Siku hizi ni ndege, mama. Ni hapo tu."

"Hapo tu," alirudia. "Wewe uko wapi unayesema hapo tu?"

Alisema atamtuma karani wa duka lao akaulize ratiba ya ndege, na kama safari inawezekana kwa siku moja, yeye hatazuia.

Siku mbili baadaye mdogo wangu alinisomea kile karani alichoandika. Ndege ilitoka Maskati saa moja asubuhi, ikafika Bombay saa tano. Ya kurudi ilitoka Bombay saa moja usiku na kufika Maskati saa mbili.

"Kwenda masaa manne," alisema, "na kurudi saa moja. Dada, hesabu gani hii?"

Nilihesabu kwa vidole, nikapata vilevile. Nyuma yake nilimsikia mavyaa: "Ya kwenda inatambaa na ya kurudi inaruka? Huyo karani alikuwa usingizini." Kwa maoni yake kosa lilikuwa kwenye safari ya kurudi. Ikiwa kwenda ni masaa manne, kurudi nako ni manne, na hapo mkwewe angefika nyumbani karibu na usiku wa manane, taa zote zimezimwa, watu wote wamelala, na mjane anashuka kwenye teksi. Hilo hakulikubali, na sikuweza kumlaumu. Nilisema labda ni upepo, kwamba labda ndege ya kurudi inasukumwa. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimemsikia mtu akisema jambo kama hilo kazini. Mavyaa akauliza ni upepo gani unaosukuma mtu masaa matatu.

Ndivyo ilivyokuwa. Ndugu yetu alikuwa amebakiza siku nne apasuliwe, na sisi wanawake watatu tulikwama kwenye ndege ya kurudi.

Nikampigia mgonjwa mwenyewe. Simu ya wodi ilikuwa kwenye meza ya wauguzi, na ilichukua muda mpaka aburute malapa yake kufika. Nilimweleza. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikamsikia mwanamke akimwambia kwa Kipemba akae kitako. Alikuwa mama mmoja kutoka Pemba aliyemleta binti yake kutibiwa, akawa anampa na ndugu yangu supu.

"Dada," alisema alipopata pumzi, "ulikuwa hunipi chakula mpaka nimalize hesabu. Na wewe leo?"

"Acha masihara. Ndege inakwenda masaa mangapi?"

"Mawili na nusu. Kwenda na kurudi ni sawa. Saa za hapa zimetangulia za Maskati kwa saa moja na nusu. Kila mji unaandika saa yake kwenye tiketi. Akifika huku anasogeza mbele, akirudi anarudisha nyuma. Mwambie bibi yule aondoe saa moja na nusu kwenye kwenda, aitie kwenye kurudi."

Nilifanya hesabu ile nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Ilikubali. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu, nikamwambia basi mambo yamekwisha, dada yako anakuja.

"Asije kwa kulazimishwa," alisema.

"Nani kamlazimisha?"

"Wewe huijui sauti yako, dada."

Nilimwambia akalale.

Mavyaa alipoelezwa alihesabu kwa sauti, akahesabu tena. "Masaa mawili na nusu," alisema. "Hiyo ni kama kutoka mjini Unguja kwenda Makunduchi kwa gari la shamba, ukitia na kuharibika njiani." Akakubali. Viza ilipatikana kupitia kwa watu wa duka, na shangazi wa marehemu, mtu mzima, akapewa kazi ya kumsindikiza ili asisafiri peke yake. Waondoke asubuhi. Upasuaji ulikuwa mwanzo wa siku, na hospitali ilikubali sahihi itiwe wakishafika; mpaka wafike mgonjwa atakuwa ndani au anakaribia kutoka; mdogo wangu atakuwepo akifumbua macho, atashinda naye mchana, na saa mbili usiku atakuwa ardhini Maskati. Nilivyolipanga jambo lile kichwani, nililiona limetengemaa.

Siku yenyewe niliamka kujitayarisha kwenda kazini, na simu ikalia nikiwa navaa soksi. Nje kulikuwa bado giza, nayo Bombay ilikuwa saa kumi alasiri.

"Bado yuko ndani," mdogo wangu alisema. Nilisikia honi za magari nyuma yake, na mtu akiita majina. "Asubuhi aliletwa mtoto aliyezidiwa na moyo ghafla, wakampa chumba yeye. Ndugu yetu ameingizwa saa nane. Nimetia sahihi. Nimefuata damu. Nimemshika mkono mpaka mlango ambao hawakuniruhusu kuupita."

"Wanasema atatoka saa ngapi?"

"Hawasemi. Jioni. Labda usiku. Gari liko nje. Shangazi ameshaingia."

Nilijua anachotaka kusema, nikawahi.

"Baki."

"Dada."

"Baki hapo. Kama ni dhambi niandikiwe mimi. Mwambie mavyaa ni mimi niliyesema. Mpe simu nimwambie mwenyewe."

"Sikukupigia kukuuliza," alisema. Hakupandisha sauti. "Nimekupigia ili ujue. Yule mama wa Pemba yuko hapa, binti yake amepasuliwa jana. Amesema atamngoja kama wa kwake, na nimempa namba ya nyumbani. Mimi narudi kwa mume wangu."

"Mume wako amekufa. Nduguyo yuko hai."

Nilisema hivyo. Nilisikia pumzi yake ikikatika, nikasikia honi, nikasikia mtu akimwita kwa Kiswahili cha Maskati kwamba watachelewa.

"Kwaheri, dada," alisema, na simu ikakatwa.

Tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa sijawahi kumwambia kitu akakataa. Shule gani, nguo gani, mume gani, yote yalipita kwangu, na hakuwahi kugoma. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni. Kisha nikavaa ya pili, kwa kuwa shifti ilikuwa inaanza na wazee hawajui mambo ya Bombay.

Niliendesha gari kwenda kaskazini, nikavuka mto, magari yamefuatana taa kwa taa, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Redio ilikuwa inazungumza habari za mafuriko ya majira ya kuchipua. Nilihesabu. Sasa wako njiani kwenda uwanja wa ndege. Sasa wanangoja. Niliwalisha wazee uji wa shayiri, nikamgeuza mama mmoja mwenye vidonda vya kulala, nikabadilisha shuka, na kila nilipotazama saa ya ukutani nilitafsiri: hapa saa mbili na nusu asubuhi, kule saa moja usiku, ndege inaondoka. Tangu alipokata simu hakuna wetu aliyekuwa ameketi nje ya kile chumba. Alikuwepo mgeni. Dada yake alikuwa juu ya bahari, hayuko nyumbani kwa marehemu wala kwa mgonjwa, na hakuna namna ya kumpa habari. Masaa mawili na nusu yale ambayo nilikuwa nimeyafurahia nyuma ya bahasha ya umeme, sasa yalikuwa marefu kuliko safari yangu mwenyewe ya kuja Marekani. Hasira ilinisaidia kufanya kazi. Nilitandika vitanda vikakaza kama ngoma.

Ilipofika saa tatu na nusu msimamizi wetu akaniita kwenye meza ya mbele. Kulikuwa na simu yangu, alisema, mtu anapiga kelele na haelewi anasema nini.

"Mwanangu, ni mimi."

Hakuwahi kunipigia kabla ya siku ile. Nilishika ukingo wa meza.

"Sema, mama."

"Nduguyo ametoka. Mama wa Pemba kapiga simu sasa hivi. Kasema moyo unapiga wenyewe, lakini hajafumbua macho, na yumo kwenye mipira, kote mipira. Daktari kasema usiku huu ndio wa kuangaliwa."

Msimamizi aliniletea kiti, nikakikataa kwa mkono.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na mdogo wangu anajua?"

"Atajuaje naye yumo angani? Nimekwambia wewe kwanza, wewe ndiye mkubwa wao." Akashusha sauti, nilikuwa sijui kama anaweza. "Amebakisha muda gani?"

Nilitazama saa ya ukutani. "Saa moja na nusu mpaka atue."

"Na mimi ndivyo nilivyohesabu," alisema. "Nilitaka kuhakikisha."

Wakati wa chakula cha mchana nilikwenda kwenye simu ya ukutani karibu na chumba cha kufulia, nikaingiza tarakimu za kadi. Mavyaa aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Bado hawajafika nyumbani, alisema, lakini ndege imetua, karani amepiga kutoka uwanjani. Hakuna habari nyingine ya Bombay. Hakuniambia nikate, nami sikukata. Aliniuliza kama huko kwangu kuna baridi. Nikamwambia barafu inayeyuka. Aliniuliza wazee ninaowauguza kama wana watoto, nikamwambia wanao, akauliza watoto wenyewe wako wapi, nikamwambia wengine wako Maple Grove, mwendo wa robo saa kwa gari.

Kisha nikasikia mlango. Nikasikia sauti ya shangazi akilalamikia magoti yake, na mavyaa akaweka mkono wa simu chini, juu ya kitu kigumu, bila kukata. Maneno sikuyapata. Nilipata sauti tu: ya mavyaa, fupi, halafu kimya, halafu sauti moja ya mdogo wangu ambayo haikuwa kilio wala neno. Mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka nyuma yangu, nikaziba sikio la pili. Ilipita dakika kadhaa hivi.

"Dada."

"Amekwambia?"

"Mlangoni, sijavua viatu."

Nikausogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Umekasirika," alisema.

"Nimekasirika."

"Neno lile uliloniambia alasiri."

"Ndiyo."

Hakuendelea nalo. Nilisikia akimeza kitu, maji au machozi. "Alipokuwa anaingizwa," alisema, "walikuwa wameshamchoma sindano, ulimi mzito. Akaniuliza ndege yangu ni ya saa ngapi. Nikamwambia moja. Akaniuliza ni saa moja ya hapa au ya Maskati. Nikamwambia ya hapa. Akasema basi usichelewe."

Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyaandaa tangu alfajiri, kwenye barabara, vitandani mwa watu, kila moja na mahali pake. Mvuke wa mashine ulikuwa umejaa chumbani na mtu alikuwa amekuja nyuma yangu akingoja simu.

Nikayaacha yote, nikamwambia akaoge, ale, alale.